Mzee Aliyepiswa na Majira ya Mwaka: Khabari za Bariadi na Mazingatio Yake

Tunapenda leo kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi, lakini husemwa kwa sauti ya chini, wageni wakishaondoka. Nalo ni khabari ya mzee aliyepiswa. Wazee wetu wa pwani wanalo neno hili tangu zamani. Mtu hupiswa akishakula chumvi nyingi, mwili wake bado unaweza kwenda na kurudi, lakini akili imeanza kumtoka kidogo kidogo. Humuuliza mwanawe wa kumzaa, "Wewe mtoto wa nani?" Husali adhuhuri mara tatu, au hukataa kabisa kuwa adhuhuri imefika. Hufunga kitita cha nguo akataka kurudishwa kwao, na hali yumo ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Jambo hili si geni katika dini. Qurani imelitaja katika Suratun-Nahl, aya ya 70, na katika Suratul-Hajj, aya ya 5, kuwa wako miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri ulio dhaifu kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa wakikijua. Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijilinda kwa Mola wake asirudishwe kwenye umri huo. Basi anayepiswa hakuzua jambo, wala hakutenda dhambi ya kumstahikia aibu. Amefikwa na lile ambalo Muumba wake alikwishatwambia kuwa litawafika baadhi yetu.

Suali letu leo ni hili: watu wamewafanyia nini wazee wa namna hii? Tungeweza kulijibu kwa khabari za Unguja, Lamu au Bagamoyo, lakini mtu haoni vizuri kilicho karibu mno na jicho lake. Kwa hiyo tutasafiri mbali kidogo, mpaka Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, kisha turudi kwetu tukiwa na macho mengine.

Bariadi iko mashariki ya Ziwa Nyanza, ambalo wengi huliita Victoria, karibu na mbuga za Serengeti. Ni nchi ya Wasukuma, na wenyeji wa pale khasa huitwa Wanyantuzu, kwa jina la Ntuzu, utemi wao wa zamani. Mto Simiyu hupita katika nchi hiyo ukaenda kumwaga maji yake ziwani. Kwa miaka mingi Bariadi ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga, mpaka mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Simiyu wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta mkoani humo watu zaidi ya milioni 2.

Msomaji wa pwani asidhani kuwa watu hawa hawamhusu. Misafara ya wazee wetu ilipanda mpaka Unyanyembe na ikafika ziwani katika karne ya 19. Na katika siku zetu hizi wao ndio walioshuka kuja kwetu. Wafugaji wa Kisukuma walikwenda na ng'ombe wao mpaka bonde la Usangu, na walipoondolewa huko mwaka 2006, wengi waliteremka Lindi na mkoa wa Pwani. Leo mtu wa Kilwa na mtu wa Rufiji wananunua maziwa kwa Msukuma jirani yao. Na kila kijana aliyeteremka na ng'ombe, nyuma yake kuna mama au baba aliyebaki.

Sasa tuutazame mwaka wa Bariadi unavyokwenda. Sisi wa pwani tuna kaskazi na kusi, vuli na masika, na juu ya hayo tuna miezi yetu ya Kiislamu inayozunguka, Ramadhani na Mfunguo Mosi na kuendelea. Wao mwaka wao umefungwa na mvua. Mvua huanza Oktoba au Novemba na huendelea, pamoja na mapumziko yake, mpaka Aprili au Mei. Novemba na Disemba hupandwa pamba, na pamoja nayo mahindi na mtama. Miezi hiyo kila mwenye mkono yuko shamba, na nyumbani hubaki watoto wadogo na wakongwe. Toka Mei pamba huchumwa, hufika mnunuzi, na nyumba huona fedha. Viazi vitamu hukatwakatwa vikaanikwa juani vikawa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikaitwa matobolwa, na hiyo ndiyo akiba ya siku za njaa. Kisha hufika kiangazi, Juni mpaka Agosti, wakati wa harusi na wageni, na wakati wa ngoma za mashindano baina ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyojulikana Usukuma nzima.

Mvua imeingia hata katika majina yao. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, na wa kike Kabula. Limi ni jua. Kwa hiyo ajuza wa Kisukuma anapoita wajukuu zake anakuwa kama anayeutaja mwaka mzima. Jioni wanaume na vijana walikaa shikome, yaani kwenye moto wa uani, na hapo mzee akaeleza nasaba, mipaka ya mashamba, deni la ng'ombe wa mahari, na dalili za mvua. Watoto nao walilala katika nyumba ya bibi yao wakisikiliza hadithi. Mzee alikuwa ndiyo kalenda yao na ndiyo daftari yao. Aliposahau kidogo, wapo waliomkumbusha, kwa kuwa hayo aliyoyasahau alikuwa amekwisha kuwapa. Sisi nasi twasema penye wazee haliharibiki neno. Kwao msemo huo ulikuwa kazi inayofanywa kila jioni.

Lakini nchi iligeuka. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilihimiza misitu ya Shinyanga ifyekwe ili kuwaondoa mbung'o, na kilimo cha pamba kikaongeza kufyeka. Pamba ilileta neema, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa Kanda ya Ziwa vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, uongozini yumo Paul Bomani, chama kilichopata sifa Afrika nzima. Lakini miti ilikwisha. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1986 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI, ili kuirudishia nchi miti na malisho yake. Na pasipo kuni mwanamke hupikia nini? Hupikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Moshi wake ni mkali, na mwanamke aliyekaa katika moshi huo miaka hamsini macho yake huwa mekundu.

Tafadhali msomaji uyaweke macho hayo mekundu katika fikira zako, maana yatarudi.

Jambo jingine ni vijiji. Kabla ya hapo Wasukuma walikaa mbalimbali, kila kaya na mashamba yake. Mwaka 1974 ilipopita Operesheni Vijiji watu walikusanywa wakakaa karibu karibu, na jirani akaanza kuona kila linalopita katika ua wa mwenziwe. Na jambo la tatu ni hilo tulilolitaja, vijana kuhama na ng'ombe wao kutafuta malisho. Shikome ikapungua watu. Mkongwe akabaki na moshi wake, na hapana wa kumkumbusha.

Hapo ndipo inapoingia khabari nzito, nasi hatupendi kuificha. Mtaalamu Simeon Mesaki, aliyeyachungua mambo haya kwa muda mrefu, ameandika kwamba baina ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu 3,693 kwa kutuhumiwa uchawi. Wanawake walikuwa 2,286 na wanaume 1,407, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma, yaani Mwanza na Shinyanga ya wakati ule. Wengi walikuwa wakongwe. Yale macho mekundu ya moshi yalifanywa kuwa ndiyo alama ya uchawi. Sheria ya uchawi ilikuwako tangu mwaka 1928, lakini panga hutembea usiku, na sheria hufika asubuhi.

Wasomaji wetu wenye umri wanakumbuka kuwa jambo hili liliitikisa serikali yenyewe. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliwakamata watu huko Mwanza na Shinyanga katika kuyatafuta mauaji hayo, na baadhi ya waliokamatwa wakateswa wakafa mikononi mwa walinzi wao. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa nchi, na aliyefariki mwezi wa Februari 2024. Yeye hakunyanyua mkono juu ya mtu, lakini yaliyotendeka yalitendeka chini ya wizara yake, naye akajiuzulu. Watu humsifu kwa hilo, na kusifiwa anastahiki. Lakini tukumbuke kuwa mwanzo wa yote hayo palikuwa na mabibi vizee waliouawa usiku katika nyumba zao.

Na aliyewaua nani? Hapa tusikilize uchunguzi wa mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, uliotoka mwaka 2005. Yeye aliishika wilaya ya Meatu, ambayo leo imo ndani ya mkoa huo huo wa Simiyu, akazihesabu mvua za kila mwaka na mauaji ya kila mwaka, kijiji kwa kijiji. Alikuta kuwa katika miaka ambayo mvua iliharibika, ama kwa ukame au kwa mafuriko, mauaji ya waliodhaniwa wachawi yalikuwa maradufu ya miaka mingine. Mauaji ya namna nyingine hayakuzidi vile. Waliouawa wengi wao ni wanawake wa makamo na wakongwe, na mara nyingi mkono uliowaua ulitoka katika jamaa zao wenyewe.

Zingatia jambo hili, ndugu yangu. Mvua ikija vizuri bibi ni baraka ya nyumba. Mvua ikikosekana, chakula kikiwa haba, yule asiyelima tena na anayesema maneno yasiyofahamika huonekana kuwa ndiye sababu. Majira yale yale yaliyompa bibi heshima yake ndiyo yaliyomwondolea uhai wake. Wala tusiwaone Wasukuma kuwa ni watu wabaya kuliko wengine. Ni watu wa shamba na ng'ombe, wakarimu, wenye kustahi wakubwa wao. Kilichoingia ni njaa, na pamoja na njaa dhana, na pamoja na dhana mpiga ramli aliyelipwa ataje jina.

Sasa tupime. Mzee aliyepiswa hutenda nini? Hutoka nje usiku wa manane akazunguka. Huingia nyumba isiyo yake akiidhani ni yake. Huzungumza na marehemu mumewe kana kwamba amekaa mbele yake. Pengine huvua nguo asijue kuwa yu mbele za watu. Huwatuhumu jamaa zake kuwa wamemwibia, kumbe kitu kakiweka mwenyewe akasahau. Mambo haya ukimsimulia tabibu atasema: haya ni maradhi ya ubongo. Ukimsimulia mtu mwenye hofu na njaa, atasema: huyu anawanga. Dalili ni zile zile, na hukumu ni mbili, na baina ya hukumu hizo mbili kuna roho ya mtu.

Matabibu wameyajua maradhi haya kwa karibu zaidi tangu mwaka 1906, alipoeleza daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, yale aliyoyaona katika ubongo wa mgonjwa wake aliyekufa. Mwaka 1910 maradhi yakapewa jina lake. Leo yafahamika kuwa hiyo ni namna moja tu, na kuna nyingine, kama ile inayoletwa na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika kwa shinikizo la damu na kiharusi. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa ulimwenguni wako zaidi ya watu milioni 55 wenye maradhi ya namna hii, na wengi wao wamo katika nchi zisizo tajiri. Kwa hiyo si maradhi ya Wazungu, kama wasemavyo wengine.

Hapa kwetu Tanzania kuliwahi kufanywa uchunguzi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, kwa kuwapima watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ilikutikana kuwa katika kila mia moja wako sita au zaidi kidogo wenye maradhi hayo. Karibu wote walikuwa wakitunzwa na jamaa zao majumbani, na wengi hawakuwa wamepata kuambiwa na mganga yeyote kuwa ni wagonjwa. Jamaa walisema ni uzee tu, na wengine walisema mengine. Baadaye huko huko Hai wazee hao walikusanywa makundi madogo madogo, wakazungumzishwa, wakaimbishwa nyimbo za zamani, wakashikishwa vitu walivyovizoea, na hali zao zikaonekana kuwa bora kuliko hapo kabla. Dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana, lakini mtu mwenyewe aliyemo ndani ya maradhi anaweza kufikiwa.

Mtu huyo twamfikiaje? Matabibu wanasema, na kila aliyeuguza anajua, kwamba anayepiswa hupoteza kwanza yaliyo karibu. Chakula cha mchana amekisahau kabla ya alasiri. Lakini yaliyo mbali, yaliyoingia utotoni na yakarudiwa mwaka kwa mwaka, hubaki muda mrefu, na yale ambayo mikono iliyazoea hubaki zaidi. Nami nilimjua mwalimu mmoja wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye alifika hadi ya kutowajua watoto wake kwa majina. Siku nyingi za mwaka alikaa kimya barazani. Lakini Ramadhani ikiingia, akisikia watu wanasoma baada ya tarawehe, midomo yake ilikuwa ikienda pamoja nao, na msomaji akikosea yeye husita na kunyanyua kidole. Hakujua ni mwaka gani, wala msomaji ni mwana wa nani. Lakini kosa alilijua.

Ndiyo maana twasema kuwa mzee wa namna hii hukaa katika majira zaidi kuliko katika siku. Jumatatu na Jumanne zimempotea, lakini harufu ya mvua ya kwanza anaijua, na takbira za Idi anazijua. Bibi wa Bariadi aliyesahau jina la mkwe wake, mpe pamba mkononi uone kama vidole vyake vimesahau kuichambua. Mpe viazi na kisu kisicho kikali, kaa naye mkate michembe. Mwite Kabula mdogo aje akae karibu naye, aambiwe alizaliwa mvua ya mwaka gani. Kazi hizi ni ndogo, lakini humrudisha mzee ndani ya nyumba yake. Na mzee aliyemo ndani ya nyumba, anayeonekana na majirani akikaa na wajukuu kazini, ni vigumu kumzulia kuwa anawanga.

Hapa yatupasa tuzungumze juu ya nyumba za wazee, maana wengi wetu tukizisikia tunanyanyua pua, tukasema hizo ni desturi za Wazungu. Hilo si kweli. Katika miji ya Kiislamu kulikuwa na nyumba za wagonjwa zilizowapokea pia waliopotewa na akili. Sultani Qalawun alijenga mjini Cairo, mwaka 1284, hospitali kubwa iliyoendeshwa kwa mali ya wakfu, ikawapokea matajiri na mafakiri. Waliotuachia mfano huo hawakuona aibu kumtunza mgonjwa nje ya nyumba yake. Waliona aibu kumwacha bila ya mtunzaji.

Na kwetu pia ziko. Unguja kuna nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na Pemba iko Limbani. Katika Kanda ya Ziwa iko Bukumbi katika wilaya ya Misungwi, na iko Kolandoto, Shinyanga. Bukumbi imewapokea, pamoja na wazee wengine, wakongwe waliokimbia makwao kwa kutuhumiwa uchawi, wakapata pahala pa kulala bila ya kuogopa panga. Nyumba iliyomwokoa mtu roho yake ni nyumba ya kheri, na wanaofanya kazi humo wanastahiki dua zetu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imesema kuwa jukumu la kwanza ni la jamaa, na nyumba hizi ni kwa asiye na wa kumtunza. Sisi tunaona kuwa hilo ni sawa.

Lakini kuna jambo ambalo nyumba ya wazee haiwezi kulinunua. Inaweza kumpa mzee kitanda, uji, dawa na muuguzi. Haiwezi kumpa mtu ajuaye kuwa mwaka wa mafuriko yeye ndiye aliyeokoa mbuzi. Huko Uholanzi, mwaka 2009, watu walifungua kijiji kizima kwa ajili ya waliopiswa, kiitwacho De Hogeweyk, chenye njia, duka na bustani, na wakazi wanakaa katika nyumba ndogo kwa kufuata maisha waliyoyazoea, huku wakipikiwa chakula walichokizoea. Tazama watu wenye mali walivyotumia fedha nyingi ili wamrudishie mzee mfano wa nyumba na mtaa! Sisi nyumba na mtaa tungali tunavyo, na shikome na baraza tungali tunavyo. Tusivitupe kisha tukaja kuvinunua.

Kwa hiyo anayelazimika kumpeleka mzee wake katika nyumba kama hizo, au kumwacha kwa ndugu aliyebaki mjini au shamba, asidhani kuwa kazi yake imekwisha. Amjie kwa majira. Mwenye mzazi Bariadi na yeye yuko Kilwa, apange kuwa wakati wa kupanda, miezi ambayo kaya hubaki tupu, kuna mtu anayelipwa au anayeombwa akae na bibi, na wakati wa kuchuma pamba yeye mwenyewe awe pale. Mwenye mama Sebleni asingoje habari ya ugonjwa. Aende mwanzo wa Ramadhani na tende, na siku ya Idi na wajukuu waliovaa vipya, na wakati wa maembe na embe mkononi. Mama pengine atauliza, "Nyinyi ni nani?" Basi mwambieni majina yenu kwa upole, na asubuhi ile mwambieni tena, wala msimwambie, "Umeshasahau?" Atakayesahau majina huenda asisahau kuwa alikuwa na watu wake.

Jambo jingine ni mali. Yule Miguel ameeleza kuwa mzee akiwa na chake kinachoingia kila mwezi, nyumba haimwoni kuwa mzigo katika mwaka wa njaa, na hilo humlinda. Zanzibar imekwishafanya hivyo. Tangu mwaka 2016 kila mkaazi aliyefika miaka 70 hupewa pensheni ya wazee, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini jamaa wamche Mungu: fedha hizo ni za mzee, na asiyejua kuhesabu tena ana haki kubwa zaidi ya kuhesabiwa kwa uaminifu. Kadhalika huko Magu, wilaya iliyokuwa pamoja na Busega mpaka 2012, mashirika ya kutetea wazee yaliwafundisha wanawake kujenga majiko yasiyofusha moshi mwingi. Jambo dogo kama jiko limeweza kumwondolea bibi tuhuma ya macho mekundu.

Sasa turudi kwetu, kama tulivyoahidi. Je, sisi wa pwani tumesalimika? Panga hatuna, Alhamdulillahi. Lakini mara ngapi tumesikia, "Bibi kachezewa," au "Kapandwa," na fedha za dawa zikaishia kwa mpiga ramli? Mara ngapi mzee amefungiwa chumba cha uani kwa sababu ya wageni? Mara ngapi hati ya shamba imetiwa alama ya kidole na mtu asiyejua siku ya leo ni ipi? Sihiri imetajwa katika dini yetu, nayo ni dhambi kubwa. Lakini kumtuhumu mtu kwa dhana nako ni dhambi, na Suratul-Hujurat, aya ya 12, imetuonya na wingi wa dhana. Na mzee aliyepotewa na akili, wanazuoni wamekubaliana kuwa kalamu imeinuliwa juu yake. Haandikiwi. Sisi tunaomtunza ndio tunaoandikiwa.

Katika Suratul-Israa, aya ya 23 na ya 24, tumeamrishwa wazazi wakifika uzeeni wakiwa kwetu tusiwaguniye hata kwa neno dogo, tuwainamishie bawa la unyenyekevu. Wengi tunaisoma aya hii tukimfikiria mzee mwenye akili zake, anayeshukuru na kuombea dua. Huyo kumtunza si kazi. Mtihani ni yule anayekutukana asubuhi akikudhani mwizi, na jioni akakuuliza mama yake yu wapi. Huyo ndiye aliyefika uzeeni akiwa kwetu.

Mvua ya mwaka huu itakuja Bariadi au itachelewa, hilo liko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lililo mikononi mwetu ni kuwa ikichelewa asitafutwe bibi wa kulaumiwa, na ikija aitwe bibi huyo mlangoni aione. Tunamwomba Mola awape wazee wetu wote stara na waangalizi wema, awarehemu waliouawa kwa dhulma, na atulinde na umri ulio dhaifu. Na kama ametuandikia umri huo, basi atujaalie watoto watakaotutajia majina yao bila ya kuchoka. Amin.